Mgonjwa Mpya

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza rasmi leo, na kwa dobi hiyo si habari njema. Mashuka arobaini ya nyumba ya wageni yako kwenye kamba tangu asubuhi na yananuka kama mbwa aliyelowa. Bosi kapita, kashika shuka moja, kalinusa, kisha kanitazama mimi utadhani nimeipigia mvua simu. Kujitetea nako kunahitaji nguvu.

Daftari hili lilikuwa la oda za wateja. Nusu yake haijatumika na Bosi siku hizi anaandika kwenye simu. Naandika saa ya mapumziko, nimekaa juu ya fungu la mataulo. Nyumbani siwezi. Naishi chumba kimoja na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na yeye akikuona umeshika kalamu anauliza unamshtaki nani. Tulivuka mpaka pamoja mwezi wa kumi na mbili kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyebaki wa kuvuka naye. Kwa hiari yetu tusingekaa hata benchi moja.

Nina jambo moja la kuandika na nimelizunguka vya kutosha. Dawa zangu zimebaki za siku kumi na sita. Naishi na virusi mwaka wa kumi na moja huu. Kule nyumbani nilianza na dawa za kwanza, za kila mtu, lakini ikaja miezi minane tukilala maporini, dawa hakuna. Nilipozirudia, virusi vilikuwa vimeshazizoea. Daktari akanihamishia mstari wa pili, vidonge vikubwa, viwili asubuhi na viwili jioni. Akaniambia, "Hizi ndizo zako sasa. Usizichezee." Sijazichezea hata siku moja.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mashuka ni yale yale.

Alhamisi, 7 Machi

Bosi kanipa ruhusa ya nusu siku, akanikumbusha mara tatu kwamba ni nusu. Nimefika kituo cha afya kabla ya saa moja, nikakuta watu kama sitini wameshanitangulia. Alhamisi ndiyo siku yetu. Mabenchi yako chini ya paa la bati, pembeni kuna hema la kupimia. Anayepanga watu si mfanyakazi wa pale, ni mama mmoja mfupi mwenye gauni la maua na sauti ya kuamsha mtaa. Anagawa namba alizozikata kwenye maboksi ya sabuni, na hakuna anayethubutu kumruka. Wanamwita Mama Foleni. Naye ni wa kuja kama sisi, ila ana miaka minne hapa na anajua kila mlango.

Dirishani yuko Karani, mwanamume wa makamo, kola yake imepigwa pasi vibaya (mimi huona hayo kwanza), na haangalii mtu usoni.

"Umewahi kutumia dawa?"

"Nimewahi. Mwaka wa kumi na moja."

"Barua ya uhamisho?"

"Kituo chetu kilichomwa moto."

"Kadi?"

"Ililowa tulipovuka mto, ikawa uji."

"Basi kopo. Kopo lina maandishi."

Makopo nilishayatupa. Vidonge ndani ya kopo vinalia kila hatua, na sisi tulikuwa tunapita karibu na watu ambao hawakutakiwa kutusikia. Kila mwenye dawa katika msafara wetu alifanya hivyo hivyo: vidonge ndani ya nailoni, nailoni ndani ya soksi, kopo kichakani. Nikafungua soksi, nikamwonyesha kidonge kimoja. Akakitazama kama nimemwonyesha punje ya hindi.

"Mama, hicho kinaweza kuwa chochote. Anayehamia aje na barua, kompyuta haisogei bila barua. Anayefuata."

Nilimchukia kwa moyo wote. Nikaenda bombani kunywa maji, Mama Foleni akanifuata.

"Umemwambia ukweli?" Aliuliza kwa huruma, kama vile anauliza umeibiwa nini.

"Ningemwambia nini kingine?"

"Hapa mgonjwa wa zamani anadaiwa barua. Mgonjwa mpya hadaiwi kitu. Anapimwa hemani na anaanza dawa siku hiyo hiyo, maana wakubwa wao wanapenda kusikia wapya wameanzishwa. Alhamisi ijayo njoo na jina jingine na kitambaa kingine. Wakikuuliza umewahi kutumia dawa, hujawahi. Umesikia?"

"Wewe ulifanya hivyo?"

"Mimi ndiye wa kwanza. Hao unaowaona hapo, nusu yao nimewavusha mimi."

Nilitaka kumkumbatia. Ni mtu wa kwanza katika nchi hii aliyenipa jibu lisilokuwa hapana.

Jumapili, 10 Machi

Wifi kaniuliza nitapata wapi dawa. Nimemweleza mpango. Kasema, "Kwa hiyo unakwenda kuugua upya." Huyu mwanamke ulimi wake una wembe. Pale msibani kwa mume wangu alisema mbele ya watu kwamba kaka yake alikuwa mzima kabla ya kuoa. Mwaka wa sita huu, na neno hilo bado nakaa nalo chumba kimoja.

Alhamisi, 14 Machi

Nimejifunga kitambaa cha kijani cha wifi. Jina nimechukua la shangazi yangu aliyefariki zamani, sidhani kama atanidai. Hemani yuko nesi msichana mpole. Kanichoma kidole, tukasubiri, akasogeza kiti karibu na kunishika mkono.

"Umewahi kutumia dawa, mama?"

"Sijawahi."

Akaniambia majibu kwa upole wote aliofundishwa. Mtu akipewa habari ile hulia, kwa hiyo nikajua lazima nilie, nikajilazimisha, na nilipoanza nikashindwa kuacha. Nilikuwa namlilia mume wangu, na kituo chetu kilichochomwa, na daktari wetu ambaye sijui kama yu hai. Nesi akanipa maji na kuniambia kwamba nimewahi mapema, nitaishi miaka mingi. Nilimwonea haya mtoto wa watu.

Nimetoka na kopo. Kidonge kimoja kwa siku. Nimekigeuza mkononi na roho yangu ikasita, maana kimefanana mno na zile dawa zangu za kwanza, zilizonishinda. Nikamwonyesha Mama Foleni.

"Mbona kimoja?"

"Wameboresha. Dawa ni dawa, zote zinafanya kazi moja. Mimi nakunywa hiyo hiyo mwaka wa nne, huoni nilivyo?"

Nikamtazama. Alikuwa anacheka, kwa hiyo nami nikacheka.

Jumatano, 20 Machi

Soksi imeisha leo. Kesho naanza za kopo.

Jumamosi, 23 Machi

"Viwili viwili vimekuwa kimoja," wifi kasema asubuhi, "ni punguzo?" Akaendelea, "Mimi si daktari. Nauliza tu."

Jumanne, 2 Aprili

Mvua siku ya tisa mfululizo. Bosi kaamua mashuka yakaushwe kwa pasi, moja moja, mpaka yakauke. Mkono wangu wa kulia hauinuki. Mvuke unanipanda usoni siku nzima na nikitoka nje napigwa na baridi. Kama ni kuugua, nitaugulia hapa.

Alhamisi, 11 Aprili

Kituoni. Nimepewa dawa za mwezi bila swali lolote. Mgonjwa mpya ni mtoto wa kupakatwa. Karani kachukua faili langu la jina la shangazi, kaandika, kanirudishia, hakuinua macho. Nikajisifu moyoni kwamba nimempiga chenga.

Mama Foleni leo alikuwa na wapya watatu pale bombani, anawafundisha. Mmoja kachelewa kuelewa, akawa anamwambia, "Hujawahi, hujawahi, rudia." Tumecheka.

Ijumaa, 12 Aprili

Shuka limeungua. Kosa langu.

Jumatatu, 22 Aprili

Wifi kaniambia nimekonda. "Au kuna mwanamume?"

"Mwanamume gani ataniona mimi katikati ya mashuka?"

"Si ndiko wanakopatikana."

Tumecheka wote wawili, mpaka tukashangaa. Sikumbuki mara ya mwisho. Kisha nikakohoa, akaacha kucheka akanitazama.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua.

Jumatano, 1 Mei

Kinywa changu kina utando mweupe. Najua ni nini. Nilikuwa nao mwaka ule wa maporini. Chakula hakipiti, maji yanachoma. Usiku natoka jasho mpaka wifi kabadilisha shuka langu bila kuniuliza, akalifua mwenyewe asubuhi, yeye ambaye husema kazi ya dobi haifuati mtu nyumbani.

Niandike wazi, maana hapa hakuna wa kunisikia: dawa hazifanyi kazi. Nilijua zisingefanya. Nilijua tangu siku ile nilipokigeuza kidonge mkononi, na nikachagua kuamini maneno ya bombani kwa sababu yalikuwa rahisi. Naogopa kufa. Nimekimbia risasi, nimevuka mto, na sasa nakufa kwa kuwa nilisema sijawahi badala ya nimewahi.

Nikisema kweli, nini kinafuata? Watauliza nani alinifundisha. Watafungua mafaili. Wale wote wa benchi, na majina yao ya mashangazi. Nawaona mmoja mmoja. Huyu anauza ndizi, yule ana mapacha, yule mzee fundi viatu. Nikijiokoa mimi, naweza kuwatupa wao mtoni. Sijui la kufanya na kichwa kinauma.

Alhamisi, 2 Mei

Sikwenda. Nimepiga pasi.

Jumapili, 5 Mei

Homa. Wifi kakaa kando ya godoro na bakuli la uji, ananilisha kwa kijiko kidogo kwa sababu ya vidonda. Ghafla akasema, "Nilisema neno pale msibani."

"Nililisikia."

"Najua ulilisikia. Nilipaza sauti usikie." Akachota kijiko kingine. "Kaka yangu alikuwa na mambo yake kabla yako. Tulijua, nyumba nzima ilijua. Ilikuwa rahisi kukutwisha wewe."

Nilikuwa nimebeba hasira ya miaka sita na sikuwa na nguvu ya kuitoa. Nikameza uji. Akanifuta kinywa.

"Alhamisi utakwenda," akasema, "na utasema kweli. Usiposema wewe nitasema mimi, na unajua mimi sisemi kwa taratibu."

Jumanne, 7 Mei

Wifi kaenda kufua badala yangu. Bosi kamkubali. Kasema wifi yangu anakamua kuliko mimi.

Alhamisi, 9 Mei

Wifi kanishika mkono mpaka kituoni. Mama Foleni alipoona hali yangu akanipa namba tatu, akasema nisikae sana kwenye baridi. Niliipokea na sikuweza kumtazama.

Nikaomba kuonana na daktari. Ni mama mwenye miwani, mchovu kama mimi. Aliangalia kinywa, akaangalia faili, akauliza kama vidonge navisahau siku yoyote.

"Sisahau. Daktari, faili hilo si langu. Nimewahi kutumia dawa."

Nikamwambia yote. Mstari wa kwanza, pori, mstari wa pili, mto, soksi, dirisha, hema. Sikumtaja Mama Foleni. Akavua miwani. Nilingoja aite askari.

"Hicho ulichopewa ni ndugu wa dawa zilizokushinda," akasema. "Ni kama umekunywa maji miezi miwili. Kwa nini hukusema dirishani?"

"Nilisema. Nikaambiwa barua."

Akamwita Karani. Nikasema moyoni, kwisha mimi. Karani akaingia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Nilimjua," akasema. "Alibadilisha kitambaa, hakubadilisha viatu. Ningemkatalia mara ya pili angekwenda wapi? Nikaona afadhali apate hiyo kuliko akose." Kisha akatazama sakafu. "Sikujua kama dawa zinatofautiana hivyo. Mimi kazi yangu ni barua."

Mtu niliyekuwa nalala namlaani. Kumbe alinifumbia macho, na kwa kunifumbia macho akanisaidia kuumia. Sina hata nguvu ya kuamua kama nimshukuru.

Daktari kachukua damu ipelekwe ikapimwe wingi wa virusi. "Barua nitakuandikia mimi," akasema. Kanipa dawa ya kinywa. Nikiwa mlangoni akauliza, "Wako wengine waliofanya kama wewe?"

"Wapo."

"Wangapi?"

Nikatoka.

Alhamisi, 16 Mei

Majibu bado. Ukutani kumebandikwa tangazo: aliyewahi kutumia dawa mahali popote aje aseme, hata bila barua, hatafukuzwa, na habari zake hazitoki nje ya kituo. Watu walilisoma, wakalisogelea, wakarudi kukaa. Sisi tunazijua karatasi za serikali. Karatasi ikikuambia usiogope, ndipo unafunga mizigo.

Na wanajua nani kalileta, waliniona nikiingia kwa daktari. Muuza ndizi alihamisha mkoba wake nilipokaa. Mama Foleni akanipa namba sabini na moja.

Jumanne, 21 Mei

Mvua imepungua. Mashuka yamekauka kwa jua mara ya kwanza tangu Machi. Nimeyapiga pasi na wifi, yeye upande ule, mimi upande huu. Anakunja vibaya. Nimemwachia.

Alhamisi, 23 Mei

Virusi vimepanda, vingi, daktari kanionyesha tarakimu na kidole chake. Hapo hapo kanipa dawa, vidonge vikubwa, viwili asubuhi na viwili jioni, kwa jina langu la kuzaliwa. Karani kanitengenezea faili jipya. Nilimeza viwili vya kwanza pale pale bombani, nikakaa chini kwenye maji. Nimepata. Daktari kasema miezi sita ndipo tutajua kama nimewahi.

Nilipokuwa nimekaa pale chini nilimwona Mama Foleni kwa chini, kutoka miguuni kwenda juu. Gauni la maua limemlegea, kalifunga na pini mbili mgongoni. Vifundo vya miguu kama vya mtoto. Akakohoa kwa kugeukia ukutani, akasubiri kidogo kabla ya kugeuka tena. Nikakumbuka alivyosema: mimi ndiye wa kwanza. Nikahesabu. Miaka minne.

Nikamfuata. "Kule kwenu ulikuwa unatumia dawa gani?"

"Dawa ni dawa."

"Mama Foleni. Zilikuwa ngapi kwa siku?"

Akatazama mabenchi kama kuna mtu anayesikiliza. "Viwili viwili," akasema.

"Vikubwa?"

"Usinihoji. Wewe umeshapata zako."

"Unaisha. Mwambie daktari, mimi hakunifanya kitu."

"Wewe jina la uongo umekaa nalo miezi miwili, la faili tu. Mimi kwa jina hilo nina kibali cha kukaa. Nina chumba. Binti yangu anasoma, na kwenye karatasi za shule mama yake ni huyo. Nikisema mimi siye, hayo yote yanakwenda wapi?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilinitisha kuliko makelele. "Nimekuvusha, na ulipofika ng'ambo umekata kamba. Nenda zako."

Nimeenda zangu. Nimelia njia nzima na vidonge vyangu mfukoni.

Alhamisi, 30 Mei

Mama Foleni hakuja. Watu walisukumana dirishani mpaka benchi likavunjika mguu. Hakuna namba wala utaratibu. Karani akatoka nje mara mbili akauliza, "Yule mama yuko wapi?" Mara ya pili aliniuliza mimi. Nilimwambia sijui, na nilikuwa najua.

Jumapili, 2 Juni

Nimekwenda kwake na wifi. Sikutaka aje. Nilimwambia huyu mtu ananichukia, sasa nikimpelekea na wewe. Kasema, "Basi tutagawana chuki." Kabeba sabuni yake.

Chumba ni kidogo kuliko chetu. Binti yake alikuwa nje anaosha vyombo. Mama Foleni yuko kitandani, kitanda kimemmeza. Alinitazama akageukia ukuta. Wifi hakubisha hodi mara ya pili wala hakuuliza. Kakusanya nguo zote chafu, mimi nikachota maji, tukafua. Nguo za mgonjwa nazijua kwa harufu. Tulipomaliza tukambadilisha shuka yeye akiwa juu yake, kazi niliyoifanya maisha yangu yote, lakini mwili ule haukuwa na uzito.

Wifi akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Hili jina la kibali," akasema, "ni la nani?"

"La mtu niliyemkuta njiani. Alifariki."

"Sasa ukifa wewe, binti yako atamzika nani?"

Niliziba mdomo kwa mkono. Ningempiga. Miaka yote hii nimeuogopa ulimi huo, na hapo ulikuwa umetua juu ya mgonjwa.

Mama Foleni hakulia. Akauliza, "Daktari anasema mambo yanabaki ndani?"

"Anasema," nikajibu. "Mimi sijui kama ni kweli. Najua kwamba mpaka leo hakuna aliyekuja kunigongea."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo."

Akafumba macho. Tuliondoka bila kuagana vizuri. Njiani wifi akasema, "Nilimwambia vibaya?" Nikamwambia ndiyo. Tukatembea. Nikamwambia pia kwamba mimi nisingeweza kumwambia.

Alhamisi, 6 Juni

Hakuja. Muuza ndizi ndiye aliyegawa namba leo, kwa vipande vya boksi vya Mama Foleni. Mimi kanipa kumi na mbili. Hatukusalimiana, lakini alinipa kumi na mbili.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekula ugali wote. Kinywa kimepona. Wifi kanitazama nikila kana kwamba anatazama sinema.

Alhamisi, 13 Juni

Tulidhani mvua imekwisha, leo imerudi yote kwa pamoja. Paa la bati la kituo lilikuwa linapiga mpaka watu wanaongea kwa vidole. Saa tatu akaingia Mama Foleni, binti yake upande mmoja, fimbo upande wa pili. Kila mtu akasimama kumpisha aende mbele. Akakataa. Akanyoosha mkono kwa muuza ndizi, akapewa namba hamsini na moja, akakaa mwisho wa benchi la mwisho. Nilihamia karibu naye. Hakunifukuza.

Tulikaa saa nne. Mara moja tu alisema, bila kunigeukia, "Wifi yako ana mdomo mchafu." Nikasema najua.

Ilipofika hamsini na moja nilimshika kiwiko, nikamfikisha dirishani. Nyuma yetu mabenchi yamejaa, karibu wote ni watu wake, waliofundishwa pale bombani. Karani alikuwa ameshalitoa faili, analijua.

"Umewahi kutumia dawa?"

"Nimewahi," akasema. "Mwaka wa tisa."

Karani akalifunga faili lile, akaliweka kando. Akachukua jipya.

"Jina lako, mama."

Akalitaja. Niliona midomo tu. Bati lilikuwa linanguruma.

Karani akatoa kichwa dirishani. "Samahani, mama. Mvua. Sijasikia."

Aligeuka akatazama mabenchi. Nadhani kama mtu mmoja angeguna, angerudi nyumbani. Hakuna aliyeguna. Binti yake alikuwa anamtazama, na nikatambua kwamba hata yeye halijui, alikuwa mdogo mno walipovuka. Mama Foleni akashika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili, akakohoa, akavuta pumzi, akalitaja tena kwa nguvu zote alizobaki nazo: lake, la baba yake, la babu yake. Benchi zima tukalisikia. Karani akaandika.